Nyuki wa Ukutani kwa Adelina

Adelina alikuwa mtu wa kulala fofofo, na hakuna aliyeijua siri ya usingizi wake. Wajane wenzake wa jumuiya walilalamika kila wakikutana kuwa usiku ni mrefu. Yeye akicheka tu. Kitanda chake kilisogezwa hadi ukutani, na ndani ya ukuta ule mnene wa udongo, pale ambapo boriti ilioza ikaacha upenyo, walikaa nyuki. Waliingia mwaka aliofariki mumewe, Mhoja, mfuga nyuki wa Sikonge aliyenukia moshi na nta hata akiwa na shati la kanisani. Adelina akiweka kiganja ukutani aliusikia mvumo wao wa chini, wenye uvuguvugu, akapotea usingizini. Mara nyingi huko alikopotea alimkuta Mhoja anatembea mbele yake msituni, hageuki, wala hana haraka.

Nyumba yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa imechoka. Aliijenga babu yake Mhoja, mpagazi aliyekwenda pwani na kurudi kwa miguu, akarudi na hamu ya kuwa na baraza refu. Sasa ilikuwa katikati ya mji wa Tabora, imebanwa na duka la simu kushoto na la vipuri vya pikipiki kulia. Bati lilikuwa na kutu, na mvua ikinyesha masufuria yalitoka jikoni kwenda kulala chumbani. Renatus, mwanawe wa pekee aliyeishi naye, alikuwa na mchoro wa ghorofa: chini fremu sita za biashara, juu vyumba, kimoja cha mama yake.

"Mama, mafundi wananiuliza tunavunja lini."

"Nyumba iliyoingiwa na nyuki haivunjwi, baba. Wala hawafukuzwi. Siku wakihama wenyewe, walete mafundi wako."

Huo ndio utaratibu wa kwao Mhoja, na Renatus alilelewa nao, hakubisha. Jirani mmoja aliposhauri wapulizwe dawa, Renatus alimtazama mpaka akabadilisha mazungumzo. Agosti ikapita, Septemba ikakausha visima. Kila mfugaji anajua kuwa nyuki wakikosa maji ya karibu, kundi zima huhama. Renatus akasubiri. Nyuki hawakuhama.

Na wangehama vipi? Kila alfajiri, kabla ya misa, mama huyu mcha Mungu alijaza maji kwenye karai, akatupia vijiti ili nyuki watue wasizame, akalificha nyuma ya choo cha zamani, chini ya mzambarau. Mdomoni anawasubiri waende, mkononi anawanywesha. Alijua ni hila. Mengine aliyaungama, hili hapana, maana aliogopa padri angemwambia aache, na nyuki wakiondoka, Mhoja angempata wapi?

Oktoba homa ikamlaza siku nne. Katika homa ile alimwona Mhoja akitembea, safari hii kwa kasi, mvumo ukififia, naye akimwita bila sauti kutoka. Alipozinduka siku ya tano, alipeleka kiganja ukutani kabla hata ya kufungua macho. Walikuwepo.

Akajikokota mpaka nyuma. Karai lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Badala ya vijiti yalielea magunzi ya mahindi, yamerundikwa ovyo, kazi ya mtu ambaye hajawahi kunywesha nyuki.

Adelina akakaa chini. Aibu ilimpanda, kisha ikaja furaha iliyomliza. Renatus aliijua hila yote. Zile siku ambazo angeweza kukaa tu na kuiachia kiu imalizie kazi, alikuwa amechota maji.

Jioni hawakulitaja karai. Adelina alimwomba amshushie mzinga wa gome wa baba yake uliokuwa darini. Akausugua ndani kwa nta mpaka ukanukia, Renatus akaupandisha mzambarauni.

"Mti huu uko kwenye mchoro wako?"

"Nitasogeza ukuta, Mama."

Ndipo Adelina akayamwaga maji ya karai, mbele ya mwanawe, polepole, kwenye mizizi ya mzambarau.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nyuki walitoka ukutani wakafanya wingu dogo la rangi ya chai. Walizunguka mzambarau mara moja, hawakuutaka mzinga, wakapita juu ya mabati ya soko kuelekea kusini.

"Wamekwenda Sikonge," alisema Adelina.

"Kwa baba," alisema Renatus.

Adelina akaingia chumbani, akaweka kiganja ukutani. Ulikuwa udongo tu. Alilia mpaka akaridhika, akatoka, akasema, "Walete mafundi."

Sasa ghorofa limesimama na fremu zote sita zina watu. Chumba cha Adelina kiko juu, upande wa mzambarau. Kuta za saruji ni baridi na hazisemi kitu, na miezi ya kwanza alikesha kama wajane wenzake. Mzinga bado unaning'inia mtupu. Lakini kila alfajiri, kabla ya kufungua duka lake katika fremu mojawapo, Renatus hufungulia bomba akajaza karai chini ya mzinga huo. Hajaambiwa na mtu. Maji huanza kwa kugonga bati la karai, kisha sauti hushuka kadiri karai linavyojaa, mpaka unabaki mvumo. Adelina huusikia kitandani, akageukia ukutani, akalala tena fofofo, na misa ya kwanza ikampita.