Siku Ishirini na Moja za Rodah Chepyegon

Katika kijiji cha Kaptilolwo, juu kidogo ya barabara ya Sotik, chai haichumwi na mtu mmoja. Shamba likiachwa zaidi ya siku kumi na mbili, majani hukomaa na kuwa magumu kama ngozi, na karani wa kituo cha kupimia huyarudisha bila huruma. Kwa hiyo wanawake tisa wa kijiji hicho walikubaliana miaka mingi iliyopita kuchumiana kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, Jumapili kanisani. Zamu humrudia mtu baada ya siku kumi au kumi na moja, na mwenye zamu huwapikia wenzake chakula cha mchana. Kanuni nyingine hawana, isipokuwa moja ambayo haijaandikwa popote. Asiyetakiwa hafukuzwi kwa maneno. Siku yake ikifika, watu hawaji tu.

Rodah Chepyegon alijiunga na kundi hilo mwaka alioolewa na Kipkemoi, dereva wa trekta katika shamba kubwa la chai karibu na Kericho, ambaye mpaka leo huja nyumbani Jumamosi tu. Yeye mwenyewe alizaliwa Chepseon, mtoto wa tano wa muuza viazi. Mwalimu wake wa darasa la saba alipenda kusema kwamba mwandiko wa Rodah ungesomeka hata na mtu aliyekalia miwani yake. Mwandiko huo ulimpatia kazi ya karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia maji. Kwa miaka kumi na minne alipokea barua, akazigonga muhuri wa tarehe, akazitia kwenye faili zake. Siku ya kwanza alikula kiapo cha kutunza siri za serikali, na alikitunza. Siku za kazi alichuma na wenzake saa moja tu ya alfajiri kabla ya kwenda ofisini, kisha Jumamosi akachuma mpaka jioni ili kufidia.

Caren, jirani yake na kiongozi wa kundi, alizoea kumtania.

"Mama Kipruto, huko ofisini mnakulanga nini, hata mdomo inafungwa hivyo? Hata bei ya chai huwezi kutuambia?"

"Bei ya chai iko kwa ofisi ingine, Mama Chela. Mimi ni wa maji."

"Haya, basi tuambie kama kesho kutanyesha!"

Wote walicheka, na Rodah akacheka nao. Watu walimpenda kwa ukimya wake. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ukimya huo ungekuwa kosa lake.

Tarehe tatu Machi ilifika barua yenye muhuri mwekundu wa SIRI. Rodah aliifungua kama alivyofungua nyingine elfu. Ilikuwa taarifa ya maabara kuhusu chemchemi ya Kaptilolwo, ile ile ambako yeye na majirani zake waliteka maji kila asubuhi. Josho la zamani la ng'ombe lililo juu ya chemchemi lilikuwa limefungwa siku nyingi, lakini mapipa ya dawa yalikuwa yamefukiwa nyuma yake, yakaoza, na sumu ikaanza kushuka ardhini pamoja na mvua. Maji hayo hayafai kunywewa, taarifa ilisema. Mkuu wa ofisi aliandika pembeni kwa kalamu: "Isitangazwe hadi bomba jipya likamilike, ili kuepusha taharuki."

Rodah aliingia kwa mkuu huyo na barua mkononi.

"Mzee, huko ni kwetu."

"Najua, Rodah. Ndiyo sababu nakuamini zaidi," alisema, na hakuwa mtu mbaya aliposema hivyo. "Bomba litafika baada ya miezi miwili. Tukisema leo, watu watakimbilia wapi? Umekula kiapo. Weka kwa faili."

Akaiweka. Lakini tangu siku hiyo hakuteka tena maji ya chemchemi. Alibeba mtungi wake mpaka mtoni, mwendo wa nusu saa kushuka na karibu saa nzima kupanda, na alipokutana na wenzake njiani aliwaambia kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi. Wengine walimcheka. Bochaberi hakumcheka. Bochaberi alikuwa ametoka Nyamira na mumewe, wakanunua kipande cha shamba mpakani mwa shamba la Rodah, na bintiye mdogo, Nyabate, alikuwa akilia tumbo tangu mwezi wa pili.

"Mama Kipruto," Bochaberi alimwambia asubuhi moja, mtoto akiwa mgongoni, "nampeleka tena zahanati. Wanasema ni minyoo. Minyoo gani haisikii dawa mara tatu?"

Rodah alimtazama mtoto, akasema, "Pole, dada. Mchemshie maji." Alijua kwamba sumu ile haiondoki kwa kuchemshwa. Baadaye alisema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno lililomwaibisha kama lile, ingawa lilikuwa neno jema.

Jumanne, tarehe ishirini na nne, akaamua. Angeweza kupiga picha ya ile barua na kuituma kwenye simu za watu bila jina, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Hakutaka. Saa kumi na moja jioni alikwenda kituo cha kupimia chai, ambapo kijiji kizima husubiri lori la kiwanda. Lori lilikuwa limechelewa. Alipanda kwenye ngazi ya mizani, akatoa karatasi aliyonakili kwa mkono wake, akaisoma yote, pamoja na lile neno la SIRI. Kisha akasema, "Mimi Rodah, karani wa masjala, ndiye nimeinakili. Msiseme mmesikia kwa mtu mwingine."

Jambo moja alilisahau. Saa hiyo hiyo, kituoni hapo hapo, Zack Onyancha wa Sotik hupita na pikipiki kukusanya maziwa ya jioni. Alikuwa amesimama nyuma ya umati akisikiliza. Alishusha mitungi ya maziwa aliyokwisha kupokea, akawarudishia wenyewe mmoja mmoja.

"Samahani, wazee," alisema. "Ng'ombe wenu wanakunywa wapi? Siwezi kuuzia watu Sotik hii kitu."

Hivyo ndivyo kijiji kilivyogawanyika kabla hata lori halijafika.

Alhamisi Rodah alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Ijumaa maofisa walikuja, wakazungushia chemchemi utepe na kuleta tangi la maji kwa lori, jambo ambalo wiki moja nyuma lilisemekana haliwezekani. Jumamosi naibu wa chifu aliita baraza katika darasa kubwa la shule ya msingi. Kipkemoi alikuwa amefika kutoka Kericho, akaketi karibu na mkewe.

Kimeli, mume wa Caren na mwenyekiti wa kituo cha chai, alisimama wa kwanza. Ng'ombe wake watatu walikuwa na maziwa yasiyo na mnunuzi.

"Serikali ni kama nyumba," alisema. "Mtoto wa nyumba akienda kusema ya ndani kituoni, huyo si mtoto, ni msaliti. Alikula kiapo na Biblia mkononi! Leo ametoa hii, kesho atatoa gani? Na maziwa yetu je? Si angekuja kwetu wazee, polepole, tukapanga?"

"Polepole mpaka lini, Mzee Kimeli?" Bochaberi alisimama na Nyabate mkononi. "Mpaka huyu azikwe? Nyinyi mnalilia maziwa. Mimi nasema huyu mama ni shujaa, na mwenye kutaka kunipiga anipige."

"Wewe hujapoteza maziwa kwa sababu huna ng'ombe!"

"Na wewe hujapoteza usingizi kwa sababu watoto wako ni wakubwa!"

Darasa likalipuka. Upande wa dirishani wakapiga makofi, upande wa mlangoni wakapiga kelele. Shujaa! Msaliti! Kiapo! Watoto! Naibu wa chifu aligonga dawati mpaka mkono ukamuuma.

Ndipo Caren aliposimama. Hakuinua sauti. Hakuwatazama waliokuwa wakibishana, alimtazama Rodah peke yake.

"Mimi sina habari ya serikali," alisema. "Nina swali moja. Mama Kipruto, hiyo barua uliisoma mara ya kwanza tarehe ngapi?"

Rodah alielewa mara moja. Wote darasani walikuwa wakimwuliza kwa nini alisema, na Caren peke yake ndiye aliyemwuliza kwa nini alinyamaza. Muhuri wa tarehe ulikuwa mali ya ofisi, na faili ilikuwa imefungiwa kabatini. Angesema aliisoma Jumatatu, hakuna mtu katika Bomet nzima ambaye angejua. Na zamu yake ya kuchumiwa ilikuwa Jumatano. Chai yake ilikuwa tayari, na bila mshahara, chai hiyo ndiyo iliyobaki.

Alisimama.

"Tarehe tatu."

"Na ulitusomea ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Mazoezi ya daktari," Caren alisema polepole. "Siku ishirini na moja ulipita na mtungi wako mbele ya chemchemi, ukatuamkua, ukaenda mtoni. Sisi tukateka."

"Ndiyo, Mama Chela. Nilipita. Niliogopa kazi yangu. Waliosema ni shujaa, sistahili. Mzee Kimeli amesema nilivunja kiapo, na ni kweli, nitajibu mbele ya wakubwa wangu. Lakini hiyo hainisumbui usiku. Kinachonisumbua ni hizo siku." Alimgeukia Bochaberi. "Nilikuambia umchemshie mtoto maji. Nilijua haisaidii. Nisamehe."

Bochaberi aliyekuwa akimtetea kwa nguvu zote aliketi, akampakata Nyabate. Baraza lilimalizika bila maombi ya kufunga, jambo ambalo halijawahi kutokea Kaptilolwo.

Njiani kurudi nyumbani, Kipkemoi alizungumza kwa mara ya kwanza. "Ungesema tu uliisoma Jumatatu."

"Ningesema."

"Basi Jumatano tutachuma sisi wawili. Nitaomba ruhusa."

"Ekari moja na nusu, wawili?"

"Tutaanza mapema," akasema. Rodah alicheka kidogo, na Kipkemoi akafurahi kumsikia akicheka.

Jumatatu na Jumanne Rodah alikwenda kwenye zamu za wengine kama kawaida. Wenye zamu hawakumfukuza, ila kila mstari aliochuma ulikuwa na mtu upande mmoja tu. Mchana wa Jumatatu alipanda pikipiki mpaka Sotik kumtafuta Zack. Hakumwomba anunue maziwa. Alimwuliza nini kingemrudisha. Zack alisema angepokea kwa yeyote anayenywesha ng'ombe mtoni, mradi mtu anayeaminika aandike majina. "Na si Mzee Kimeli," aliongeza, "yule atawaandika mpaka majogoo." Jioni hiyo Rodah alipita nyumba kwa nyumba kueleza na kuandika majina, akianzia kwa Kimeli. Kimeli alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, lakini asubuhi ng'ombe wake watatu walionekana wakishuka mtoni.

Jumatano kulipambazuka na umande mwingi. Rodah na Kipkemoi walifunga plastiki zao kiunoni, wakabeba vikapu mgongoni, wakaingia shambani. Jikoni sufuria ya maharagwe na mahindi ilikuwa motoni, kubwa ya kutosha watu kumi. Kipkemoi alikuwa ameitazama, akaongeza kuni.

Walikuwa wamechuma nusu ya mstari wa kwanza Bochaberi alipovuka mpaka wa mashamba. Alilaza fimbo yake juu ya majani kupima usawa, akaanza kuchuma mstari wa jirani, chipukizi na majani mawili, chipukizi na majani mawili.

"Nyabate amelala usiku mzima," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Usiku wa tatu."

"Mungu asifiwe."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu. Nimeona nije nayo hapa hapa, kuliko kukaa nayo nyumbani."

Baada yake walikuja wawili, kisha mwingine, kisha wawili waliokuwa wakibishana tangu barabarani kama karani wa serikali anaweza kuwa na siri anayowaficha watu wanaomlipa. Waliendelea kubishana juu ya majani ya chai, mmoja akisema bila kiapo ofisi zote zitakuwa soko, mwenzake akisema sokoni walau mtu huona kinachouzwa. Mikono yao haikusimama. Kipkemoi aliwahesabu kwa macho. Sita. Aliyekosekana kati ya wanane, pamoja na mmoja aliyekuwa na mgonjwa hospitalini, alikuwa Caren.

Saa tatu ilikuwa imepita Caren alipotokea juu ya mteremko na kikapu chake. Alishuka taratibu mpaka mstari wa Rodah, akasimama upande ule ambao kwa siku mbili ulikuwa mtupu.

"Nimechelewa kwa sababu Zack amekuja," alisema. "Amechukua ya ng'ombe wawili. Wa tatu amesema bado, alimwona amesimama karibu na ule utepe."

"Atachukua akiona ameshuka mtoni."

Caren alichuma kiganja cha kwanza, akakitupa kikapuni nyuma ya bega.

"Ungesema Jumatatu, ningekuamini," alisema. "Nimewaza hiyo tangu baraza. Mtu wa kudanganya angedanganya pale, ilikuwa rahisi." Alichuma tena. "Mzee wangu bado anasema wewe ni msaliti. Anasema hata akila ugali."

"Na wewe?"

"Mimi nasema ulichelewa siku ishirini na moja." Akasogea kichaka cha pili, Rodah akasogea naye. "Kesho ni zamu yangu. Na usiniletee saa moja ya alfajiri. Ofisi ya kukimbilia huna, tutakutumia mpaka jioni."

Mtu mmoja kwenye mistari ya chini alicheka, kisha wote. Kesi ya Rodah ya kuvunja kiapo bado inasubiri kusikizwa, na hajui itaishaje. Lakini siku hiyo lori la kiwanda lilipofika, chai yake yote ilikuwa imepimwa, na hakuna jani lililorudishwa.