Ng'ombe Ndani ya Nyumba

Jumamosi, kwenye maktaba moja ya Germantown, Marekani, mama Mkenya mbele yangu alirudisha vitabu viwili: hadithi za sungura za bintiye, na historia ya maisha ya Waairishi, aliyomwazimia nyanya mmoja mwenye asili ya Ireland ambaye yeye humtunza kazini.

"Walivipenda?" mkutubi akauliza kwa Kiswahili cha darasani.

"Walibadilishana," akajibu, mkono kiunoni. "Nyanya kacheka na sungura mpaka akakohoa. Binti naye: 'Mum, imagine, walilala na ng'ombe ndani ya nyumba!'"

"Kumbe!"

"Kwa mamangu tulilala hivyo hivyo. Nimemsimulia tangu akiwa mdogo, ananiambia eti natunga!"

Nilicheka sana, kisha nikawakumbuka wanangu, ambao nao hawaamini hadithi zangu za nyumbani. Hicho cha Waairishi nimekiazima mimi.