Msitu Chini ya Kiyoyozi

Harufu ya ukuta uliolowa hunirudisha Matrah, mtaa wa Maskati, kwenye nyumba yetu ya kichochoroni, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Si utoto wangu ninaousimulia. Wangu uliishia Unguja. Ni wa mjukuu wangu Rahma, aliyekuwa na miaka tisa, maana ndani ya utoto wake nilifanya kosa langu kubwa. Mwalimu wake aliwasomesha habari za misitu ya mvua ya nchi za baridi, ambako miti huota kijani mwili mzima kama watu waliovaa sweta, na gogo lililoanguka hulea miche. Rahma akautafuta msitu kama huo papa hapa Maskati. Akaupata uani, chini ya kiyoyozi, palipodondoka maji mwaka mzima: ukoga wa kijani, laini na mnene kama zulia, na kangaga moja lenye majani matatu. Akaweka hapo kipande cha gogo la mtende, kisha akatoa amri kwamba kiyoyozi kisizimwe, msitu usije ukafa kwa kiu.

Basi tukaishi kwa baridi. Mke wangu, Bi Zuwena, alikunywa chai kajigubika blanketi. "Wallahi, mume wangu, nje watu wanaungua, miye humu meno yanagongana. Mtoto kakutia mfukoni!" Nikamjibu kuwa haba na haba hujaza kibaba, na kweli, tone kwa tone, gogo likaanza kuota kijani. Mwalimu akaahidi kulileta darasa zima Jumamosi kuutazama. Rahma alipokwenda Mawaleh kwa shangazi yake siku mbili, alinishika ndevu. "Babu, nnakuachia msitu wangu. Usiuguse." Nikaapa.

Ijumaa wakawa wanakuja wageni kumposa binti yetu mdogo. Nikautazama ukuta, nikaona haya. Mama yangu alinilea kwa kuamini kuwa ukuta wa kijani ni wa nyumba ya wavivu. Nikachukua brashi na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikasugua asubuhi nzima huku nikiimba. Gogo nikampa jirani, akachomea mishkaki. Wageni walipofika, hakuna aliyeutupia ukuta jicho. Mkubwa wao aliuliza jambo moja tu: "Mbona humu ndani baridi hivi?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yaliingia alasiri, yamebeba mkoba wa skuli. Rahma alisimama uani, akanusa. "Babu, umeukosha msitu?" Nikakimbilia sokoni, nikarudi na zulia la majani ya plastiki, nikaligongomea ukutani. Akaligusa kwa kidole. "Hili halinywi maji, Babu."

Jumamosi darasa likaja. Rahma aliling'oa zulia, akawaonyesha ukuta mweupe. "Hapa palikuwa na msitu." Mtoto mmoja akanigeukia: "Nani kaukata?" Rahma akatazama miguu yake. Nikasema, "Mimi."

Leo Rahma ana watoto wake, nasi tumehamia nyumba mpya ambamo maji ya kiyoyozi hupita ndani ya bomba, yakapotea chini, na kuta zote ni safi. Mwaka jana nililichomoa bomba hilo. Jirani hupita akaniambia ukuta wangu unachafuka. Bi Zuwena, sweta mwilini, humjibu kabla yangu: "Mwache. Kangaga lake lina majani mawili sasa, anangoja la tatu."