Nilimpa Mama Mkwe Wangu Mchoro Usio Wake

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu yaache yalivyo.

Mimi ni Mtanzania wa miaka hamsini na nne. Niliolewa Morogoro na mkimbizi wa Afrika Kusini, na nchi yao ilipokombolewa tukarudi kwao. Tunaishi mtaa wa Turffontein na mama yake, bibi wa miaka themanini na tano. Nasoma sana, nabishana zaidi.

Mwaka huu jumba moja la sanaa hapa mjini, Braamfontein, liliweka maonyesho ya mitindo ya miaka ya hamsini. Kulikuwa na mchoro wa gauni la jioni, mabega wazi, kiuno chembamba, sketi imefunguka kama mwavuli, na jina la mbunifu mmoja mzungu, sasa marehemu. Ulikuwa kati ya vioo viwili, nikazunguka nyuma. Nikakuta vipimo kwa mwandiko wa mama mkwe! Mwandiko ule naujua tangu barua alizomwandikia mwanawe uhamishoni. Na alimshonea mbunifu huyo miaka kumi na moja.

Nikawaka. Wezi! Niliandika magazetini, nikaenda redioni, nikawachochea wanafunzi, ambao tangu maandamano ya ada za vyuo hawahitaji kiberiti. Binti msimamizi wa maonyesho aliniambia, "Mama, vipimo si mchoro." Nikamwita mlinzi wa wezi. Akasimamishwa kazi, jina la mbunifu likaondolewa likawekwa la mama mkwe, na Jumamosi hii anatunukiwa mbele ya watu.

Yeye mwenyewe sikuwa nimemuuliza. Nilitaka kumshtukiza. Jumapili nikamwonyesha bango jipya. Akavaa miwani, akasoma, akacheka, kisha kicheko kikakauka.

"Makoti," ndivyo aniitavyo mimi mke wa mwanawe, "sijawahi kuchora hata kuku."

"Lakini Mama, vipimo ni vyako!"

"Fundi mkataji aandike wapi, pajani? Kila mchoro tuliandika nyuma. Yule mama alichora mbele tu. Mgongo wa gauni hakuuchora. Lishike vipi bila kamba mabegani, mtu akae nalo, acheze nalo, niliyatafuta mimi kwa mkasi. Hayo hukuuliza. Umeona kushona ni aibu, ukaniazimia kalamu ya mtu."

Amesema jina lake litolewe, na Jumamosi haendi. Tangu siku hiyo hali chakula changu, anajipikia.

Mume wangu anasema, "Eish, mke wangu, mara moja tu maishani, nyamaza! Sema mama anaumwa, yaishe."

Nikinyamaza, binti wa watu anapoteza kazi kwa kusema kweli, na fundi mkubwa anazikwa akiitwa mchoraji. Nikisema, wale niliowatukana miaka yote watafanya sherehe, na siku nitakapokuta wizi wa kweli, nao upo tele mji huu, nani atanisikiliza?

Msinionee huruma, vipigo nimevizoea. Zimebaki siku tatu. Mimi niliyewashauri watu bila kuombwa, leo naomba: mngekuwa mimi, Jumamosi mngesimama mkasema nini?