Kanyiva na Debe la Ndengu

Kanyiva wa huko Kanyangi hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alilea watoto watano kwa jembe, Muli akiwa wa kwanza, na mguu ulipovimba kwa damu iliyoganda, alilazwa hospitali ya Kitui wiki mbili bila kumlilia mtu shida. Alirudi na vidonge vya kuzuia damu kuganda, pamoja na onyo moja: asinywe dawa yoyote ya maumivu kabla ya kuuliza.

Balaa ilianzia kanisani. Alipewa maikrofoni ashukuru, akaona watu wanalia, moyo ukamjaa, akaropoka kwamba amepona kabisa na vidonge amevitupa chooni. Pasta akaruka juu. Kanisa zima likaimba. Kumbe vidonge vilikuwa nyumbani ndani ya debe la ndengu, katikati ya punje, na kila jioni alivimeza akiwa amejifungia. Angefanyaje? Maneno yalikuwa yameshatoka.

Msimu wa kupalilia, magoti yakawaka moto. Akaenda duka la dawa la Kavindu, binti aliyeisomea kazi hiyo na anayeimba kwaya kanisani humo humo. Kwenye benchi walikaa akina mama wawili wa kanisa.

"Mama Muli, kuna dawa nyingine unatumia?" Kavindu akauliza. "Una vidonda vya tumbo? Presha?"

"Mwanangu, si ulinisikia Jumapili? Mimi sina dawa."

"Nauliza kwa sababu hii diklofenaki ya maumivu haipatani na dawa za kuzuia damu kuganda. Unaweza kuvuja damu tumboni. Na hata kama huna shida, meza ukishakula, siku tano tu."

Kanyiva aliyasikia yote, vizuri kabisa. Lakini wale wawili walikuwa wanamtazama. Akachukua pakiti, akajiambia siku tano ni kitu gani.

Siku ya nne choo kilikuwa cheusi kama lami. Siku ya tano akaanguka shambani. Kule Kitui aliongezwa damu, na daktari alipomuuliza alichokuwa akimeza, akasema ukweli kwa sauti ya chini. Daktari alimkaripia sana, lakini daktari si wa Kanyangi.

Kanyangi walikuwa na lao: Kavindu ameuza sumu. Kabla mwezi haujaisha, watu walikuwa wanapanda pikipiki za boda hadi soko lingine kutafuta hata dawa ya kichwa. Kavindu akaja kwa Kanyiva, akaketi, chai akaiacha ikapoa.

"Mama Muli, sikuja kugombana. Waambie tu kwamba nilikuuliza. Jina langu likiharibika, duka nafunga."

"Nitasema Jumapili, mwanangu."

Na alikusudia kusema, hilo tumpe. Jumapili akashika maikrofoni, akamwona Kavindu katikati ya kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi, anamwangalia yeye tu. Akaziona pia zile nyuso zilizomlilia. Kisha akasema Bwana amemwokoa mara mbili, kwanza na ugonjwa, halafu na dawa za watu.

Pasta akaruka tena, kwaya ikaanza kuimba. Kavindu akafunga kitabu, akatoka kwa mlango wa kando, na wanakwaya wenzake wakasogeleana kuziba nafasi yake. Aibu gani hiyo, na wimbo ukaendelea.

Mwisho wa mwezi duka lilipigwa kufuli. Jioni hiyo Kanyiva alijifungia, akaingiza mkono kwenye debe la ndengu, akameza kidonge chake. Magoti yalikuwa yanamuuma vibaya, na Kanyangi nzima hapakuwa tena na mtu wa kumuuliza anywe nini.