Farasi wa Plastiki Walivyofika Uvira

Nilianza na mmoja wa waridi, mwenye vipepeo vitatu pajani. Nilimkuta sokoni Mulongwe, chini ya rundo la nguo za mitumba za watoto, nywele zake za shingoni zimesokotana kama kamba kuukuu. Muuzaji alicheka kuniona, mwalimu mzima, nikipangusa kwato za farasi wa plastiki kwa kitenge changu. Chini ya kwato moja paliandikwa Italia. Wiki iliyofuata nikapata mwingine mwenye vipepeo vilevile, ila waridi yake imekolea zaidi. Huyo alikuwa wa Uhispania. Hapo ndipo ugonjwa uliponishika.

Kwenye simu nikapata kikundi cha watu wanaokusanya farasi hao wa zamani. Walinifundisha kwamba kila kiwanda kilichanganya plastiki yake, na kwamba wengine waliuzwa katika nchi moja tu, watoto wa nchi jirani wasiwaone kamwe. Kwetu Kongo sijasikia kama duka lolote liliwahi kuwaleta. Basi nikafungua kaye, daftari la shule, ukurasa mmoja kwa kila farasi: alikotengenezwa, na njia aliyopitia mpaka Uvira. Huyu alipitia Bujumbura katika balo, robota la majaketi ya mitumba. Yule alishuka bandarini Kalundu, akitokea Kigoma, ndani ya kiatu cha mvua.

Walikuwa wamefika thelathini na mmoja mama mkwe alipoteremka kutoka Lemera kuja kututembelea mtaani kwetu Nyamianda. Ni mama wa kanisa, hana mzaha na mambo ya sanamu. Nilitaka kuwaficha, mume wangu akasema, "Acha awaone." Mama aliingia, akatua kikapu cha viazi, akasimama mbele ya etajeri, rafu nilimowapanga.

"Mukwe wangu, weye unaabudu hizi vitu?"

"Hapana, Mama! Ninakusanya tu. Watoto wa Ulaya walikuwa wanachezea."

Alimchukua mmoja wa bluu, akamgeuza na kumkagua miguu kama anayenunua mbuzi. Nikajua nimekwisha.

"Minye niko na moja kule nyumbani," akasema. "Ya manjano. Nilipewaka siku nilizaa bwana yako."

Mume wangu akakaa chini. Maisha yake yote hakuwahi kusikia habari hiyo. Mama akatueleza: muuguzi mmoja mgeni, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, alimwekea mtoto farasi huyo kitandani, akamwombea heri, akaenda zake.

"Na mbona hukunipa nichezee?" mume wangu akauliza.

"Ungeitafuna."

Likizo ilipofika tukapanda Lemera. Mama akatoa kopo la maziwa ya unga, akafungua kitambaa kilichokuwa ndani. Farasi alikuwa mpya kabisa, manjano kama ndizi iliyoiva, nywele hazijaguswa na kitana. Chini ya kwato: Ugiriki. Nikampiga picha, nikaituma kwenye kikundi. Kikundi kizima kililipuka kwa furaha. Bibi mmoja aliandika kwamba rangi ile iliuzwa Ugiriki peke yake, naye ameitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nikapiga magoti kabisa. "Mama, naomba unipatie."

"Hapana," akajibu, bila hasira, akimfunga tena. "Andika mu kaye yako: iko Lemera."

Nikaandika. Akasimama nyuma yangu kuhakikisha, kisha akaniongezea maneno: hakuja na balo, alikuja kwa mkono wa mtu. Niliporudi Uvira nilinuna siku mbili, halafu nikacheka peke yangu jikoni mpaka mume akaja kuuliza kuna nini.

Siku hizi simu ikilia Jumapili baada ya ibada, najua ni yeye. Amewahoji wamama wote wa kwaya. "Mukwe, kwa jirani iko moja ya kijani, lakini mukia hakuna. Mutu wake alitoaka Bukavu." Ameshapata farasi wawili kwa njia hiyo. Wote amekataa kunipa.