Pale Simu Inaposhika Kenya

Kwa miaka mitatu watu wa kitongoji chetu kule Kilema waliamini kwamba mimi ni mjane asiyepoa. Kila mwisho wa mwezi, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, walinikuta nimeketi juu ya kaburi la mume wangu, kanga mabegani, kichwa nimekiinamisha, mikono nimeikunja mapajani. Wanawake waliokuwa wakienda kukata majani ya ng'ombe walishusha sauti. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya ile mikono kulikuwa na simu, na kwamba nilikuwa nasubiri pensheni.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Taveta. Kutoka kihambani kwetu, yaani kwenye lile shamba la migomba na kahawa ambamo Mchagga hujenga, hulima na huzikwa, kwetu si mbali. Siku ya anga safi naiona tambarare ya Taveta chini kule mashariki, na macho yangekuwa ya zamani ningeapa naona mapaa ya mabati. Lakini katikati kuna mpaka. Mume wangu alikuwa seremala upande wetu, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulizeekea kule, tukija huku kila Desemba kama Wachagga wote wanavyokuja, na siku alipochoka na randa akasema turudi kwao. Nikasema sawa, mlima si ni uleule. Kumbe wapi! Kwetu Mawenzi ndiye anayetangulia, na meno yake yale. Huku Kibo ndiye bwana mkubwa, anajifunua asubuhi dakika chache halafu anajifunika tena. Miezi ya mwanzo niliamka nikitafuta mlima wangu nikakuta mwingine amesimama mahali pake, nikarudi kulala.

Alikufa hata kahawa aliyoipanda haijazaa. Tulimzika ukingoni mwa kihamba, pale ardhi inapokatika kuelekea korongoni, na shemeji yangu, mdogo wake, akapanda masale, yale majani ya heshima ya Wachagga, kwenye pembe nne za kaburi. Watu walipokwisha kutawanyika baada ya matanga, nilikwenda peke yangu asubuhi moja. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji ambayo haijakauka vizuri, machozi ndiyo kwanza yanaanza, simu ikalia kifuani. Ilikuwa ile laini yangu ya Kenya, ambayo tangu nihamie huku ilikuwa kama imekufa. Pensheni ya mwezi ule imeingia.

Nilicheka. Mjane wa wiki mbili, nikacheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Mpaka siku ile, kila mwisho wa mwezi nilikuwa nashuka Himo, kisha Holili mpakani, siku nzima ya vumbi, ili tu laini ishike mtandao wa kwetu. Kuitumia laini ile kwenye mitandao ya huku nilishajaribu. Ilimaliza salio kwa siku mbili na ujumbe niliousubiri haukuja. Sasa, hapa kaburini, kati ya miti miwili kulikuwa na uwazi unaotazama mashariki moja kwa moja, na kwenye uwazi ule simu ilishika Kenya. Ukisogea kushoto, migomba, hakuna kitu. Ukisogea kulia, kulikuwa na kichaka cha mibuni mizee ya baba mkwe, hakupenyeki hata kwa paka. Nilijua ni yeye tu. Mume wangu hakuweza kumwona mtu akihangaika na kitu kidogo asikipokee mkononi mwake, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa yote.

Basi ikawa ndiyo ofisi yangu. Ujumbe ukiingia, natuma pesa kutoka laini ya Kenya kwenda laini ya Tanzania, na kwa sekunde chache shilingi za kwetu zinageuka za huku na kuota masifuri. Kila mara najiona tajiri mpaka nifike Moshi mjini. Pesa yenyewe niliigawa mafungu matatu. Fungu la kula. Fungu la macho. Na la tatu, dogo, niliweka kwenye bahasha chini ya vitenge sandukuni: pesa ya kusafirisha maiti. Bima ya mume wangu ilikwisha siku alipokwisha yeye, na kuhusu kaburi langu hakuna mtu aliyewahi kusema neno. Kihamba ni cha ukoo wao. Mimi ni mgeni mwenye kibali cha kuishi, kinachohuishwa kila kikiisha, na sikutaka siku ile watu waanze kuulizana nani atakodi gari la kunivusha Holili. Usiniulize kama iliniuma. Iliniuma kila nilipofungua lile sanduku.

Macho yangu yana presha. Hayaumi, ndiyo ubaya wake. Yanaibwa kidogo kidogo kutoka pembeni. Daktari wa pale Moshi, binti mpole mwenye mikono ya baridi, aliniambia bila kuzunguka: "Mama, kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Ukiruka wiki mbili, tatu, utakuwa umejikata mwenyewe." Siku za kupimwa hutiwa dawa ya kutanua mboni, na nikitoka nje mji wote unakuwa maziwa. Maduka yanaelea. Mijakaranda inamwaga zambarau yake hewani, haifiki chini. Kila anayepita ana duara la mwanga kichwani, hata wapiga debe, na hao nawajua vizuri, si watakatifu. Mtu akiniamkia shikamoo, namwitikia marahaba ile sauti, sura siioni. Naenda hivyohivyo, nikigusa kuta, mpaka duka la dawa la mzee mmoja Mhindi ambaye baba yake na babu yake waliuza dawa kaunta ileile. Ananipa chupa moja. Kila mwezi moja, kwa sababu kila mwezi uwezo wangu ni wa moja. Nikifika nyumbani naitia kwenye kikombe, nakizamisha shingoni mwa mtungi wa maji, pana baridi kuliko mahali popote.

Nao kule mlimani waliniheshimu kwa majonzi yangu. Mke wa shemeji aliniletea maziwa ya moto kila nilipoketi pale, akaweka kikombe ukingoni mwa kaburi, akaondoka bila kusema kitu. Ningeweza kumwambia. Mara ya kwanza niliona aibu, mara ya pili nikaona nimechelewa, na tangu mara ya tatu, niseme ukweli, niliyapenda yale maziwa.

Mwisho wa Machi mwaka huu ujumbe wa pensheni uliandamana na mwingine mrefu. Sisi tunaoishi nje ya nchi tutathibitisha kwa simu kwamba bado tuko hai. Katika wiki ya pili ya Aprili, siku yoyote, saa yoyote ya kazi, tutatumiwa swali pamoja na namba, na namba ile itafanya kazi kwa dakika kumi. Asiyejibu, malipo yake yatasimama mpaka aende Nairobi mwenyewe akaonekane. Nikawaza Nairobi, basi, malazi, foleni, na macho haya. Nikaenda kutikisa chupa mtungini. Ilikuwa imebaki robo.

Sikuogopa sana lakini. Nilijiambia wiki hiyo nitahamia kaburini na mwavuli na chupa ya chai, mjane anayeomboleza kupita kiasi, nani atashangaa?

Ijumaa ya kabla ya wiki yenyewe nilishuka Moshi kupimwa. Niliporudi jioni, mboni bado zimetanuka, niliona kitu kinameremeta kule ukingoni, kikubwa, kama pande la barafu limeshuka kutoka Kibo. Nikasogea. Lilikuwa paa. Mabati mapya, mirunda minne iliyonyooka, na upande wa mashariki yameshuka mabati mengine mpaka chini, ukuta kabisa. Shemeji amesimama mbele yake, nyundo mkononi, uso umemjaa furaha.

"Shemeji, shikamoo," akasema. "Masika haya hayatakunyeshea tena ukiwa na kaka. Mvua yetu inapiga kutoka kule, ndiyo maana nimefunga."

Nikamwambia aika, asante, tena na tena, kwa Kichagga na kwa Kiswahili, maana alikuwa ameuza mbuzi, mkewe aliniambia baadaye. Halafu nikaketi mahali pangu na kutoa simu kwa siri. Hakuna mtandao.

Jumatatu nilijaribu kila upande. Nilinyoosha mkono nje ya bati, nikaegemea korongoni mpaka kandambili ikaponyoka ikaenda. Jumanne hivyohivyo, na mvua ikipiga mabati kichwani sikuweza kujisikia hata nikifikiri. Kwenda kukaa Holili siku tano sikuwa na nauli wala pa kulala. Jioni ile nilitia matone nikahesabu yaliyobaki kwa sauti, nikaona nakwenda kupofuka kwa sababu ya uungwana. Hapo hasira zikanipanda, nikajikasirikia mimi na maziwa yangu.

Jumatano asubuhi nilimkuta shemeji zizini anakatia ng'ombe majani.

"Shemeji, nina jambo la aibu."

"Sema, Mama."

"Lile paa linazuia mtandao. Mimi pale nilikuwa nasubiri simu ya Kenya. Pensheni. Pale ndipo inaposhika, tangu siku ya kwanza."

Panga likasimama juu ya majani.

"Kwa hiyo kaka ulikuwa humlilii?"

"Nilikuwa nasubiri simu."

"Miaka mitatu mke wangu anabeba maziwa."

"Miaka mitatu," nikasema. "Na yalikuwa matamu."

Hakucheka. Akaweka panga, akaingia ndani, na nilisimama pale kwenye matope nikijua kwamba nimejimaliza. Nilikuwa mgeni, sasa nimekuwa mgeni mwongo. Kisha akatoka na nyundo na ngazi, akanipita, nikamfuata.

Alianza kung'oa upande wa mashariki, bati moja moja, misumari akiikusanya mdomoni isipotee. Mimi nilishika ngazi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka taratibu na chini korongoni ukungu ulikuwa unapanda. Kwa kuwa kimya kilinitesa, nikaanza kusema. Nikasema nitamlipa yale mabati. Nikasema lilikuwa paa zuri, tena kubwa mno kwa kaburi moja, hata ile mibuni ya baba mkwe ameing'oa kupata nafasi, kwa nini alijitaabisha hivyo.

Akatoa misumari mdomoni.

"Kubwa vipi? Ni la watu wawili."

"Wawili nani?"

Akanitazama kutoka juu ya ngazi, sasa kweli amekasirika. "Shemeji, wewe ulifikiri tutakupeleka Taveta?"

Nilishika ngazi kwa mikono yote miwili, na sijui kama nilikuwa naizuia isianguke au ilikuwa inanizuia mimi. Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi yake. Bati la mwisho liliposhuka, uwazi wa mashariki ukafunguka, na Taveta ikaonekana chini ya mawingu, ndogo, ya kijivu.

Tulikaa pale wote wawili tangu saa nne. Mkewe alileta maziwa, vikombe viwili, akatutazama kwa zamu, akaondoka. Saa nane kasoro simu ikalia. Herufi zilikuwa ndogo na macho yangu yalikuwa yamejaa maji, nikampa asome. Alisoma kwa sauti ya msomaji wa kanisani, kila neno peke yake:

"Je, uko hai? Kama ndiyo, jibu kwa kuandika namba ifuatayo."

Akaninong'oneza namba tarakimu moja moja, nami nikabonyeza, nimeketi juu ya mume wangu. Jibu likaja haraka. Uhai wangu umepokelewa kwa mwaka mmoja.

"Mwaka mmoja tu?" akauliza shemeji. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia. Nililia kama ambavyo sikulia siku ya maziko, kwa sauti, simu imeanguka kwenye majani ya masale na sikuitafuta. Shemeji akachukua ngazi yake akaniacha na kaka yake.

Pensheni ya Aprili iliingia. Mwezi uliofuata nilifungua sanduku, nikatoa bahasha iliyokuwa chini ya vitenge, nikashuka nayo Moshi. Yule mzee wa dawa alinyoosha mkono kuchukua chupa moja kama kawaida, nikamwambia anipe za miezi minne.

Akainua miwani. "Mwalimu, una safari?"

"Nilikuwa nayo," nikamjibu. "Nimeifuta."